Kozi ya maungio ya watoto kwa madaktari tarajali, Upanga: Jumamosi inalipa, Jumapili ni ya kuvumilia

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na tarajali wenzangu chumba cha zamu. Ni Sh 80,000, unalipa kwa simu, na ndani yake kuna chai, chakula cha mchana siku zote mbili, kijitabu na cheti. Kwa mtu ambaye posho yake huingia inapojisikia, hiyo si pesa ndogo, na mimi niliilipa huku nimenuna. Leo ningelipa tena kwa ajili ya Jumamosi peke yake, kisha ningeomba nirudishiwe chenji ya Jumapili.

Wanaoendesha ni madaktari bingwa wa watoto wachache waliojikusanya wenyewe, kwenye ukumbi wa kukodi Upanga, unashuka kituo cha Fire unatembea. Hakuna bango wala fulana. Tangazo lilizunguka kwenye simu tu. Walengwa ni sisi tuliomaliza shahada ya udaktari (MD) juzi, tunaozungushwa wodi hadi wodi, na ambao miaka mitano ya chuo maungio ya mtoto tuliyapitia mbiombio tukielekea kwenye moyo. Homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo na kuharibu moyo, tunaijua, tumeimba vigezo vya Jones, vile vya kuitambua, hadi usingizini. Mtoto aliyevimba goti miezi minne na moyo wake mzima, huyo ndiye tunayempa dawa ya maumivu na tarehe ya kurudi.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na slaidi hata moja. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye raba nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, alituambia tuvue viatu, tusimame mistari miwili tukitazamana, na tangu dakika hiyo kila mmoja ni mtoto wa miaka saba hadi atakapoambiwa vinginevyo. Watu wakacheka. Kufikia saa nne hakuna aliyekuwa anacheka, maana tulikuwa tunaona jinsi mwili unavyochunguzwa kuanzia utembeaji hadi taya bila kuruka kitu.

Uchunguzi wenyewe unaitwa pGALS. Ulitengenezwa na Helen Foster na wenzake huko Newcastle, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2006, na mtu aliyeuzoea huumaliza kwa dakika mbili hivi. Watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya, wajue umeshajaribiwa kwa watoto wa Malawi na matokeo yakachapishwa mwaka 2012: unafanyika, na watoto na wazazi wanaukubali. Mwalimu aliutaja huo utafiti kwa sentensi moja tu, akaendelea kutusahihisha mikono.

Unaanza kwa maswali matatu. Je, kuna maumivu au kukakamaa kwenye maungio, misuli au mgongo? Je, mtoto anapata shida kuvaa nguo mwenyewe? Je, anapata shida kupanda na kushuka ngazi? Hapo kwenye ngazi mwalimu alisimama. Akauliza ni wangapi kati yetu tumekulia nyumba yenye ngazi. Mikono ikapanda michache, ya watu wa Kariakoo na Upanga hukohuko. Akasema basi mtoto wa Mbagala mwulizeni kupanda daladala, mwulizeni kuchutama chooni, mwulizeni kama madrasa anakaa mkekani na wenzake au anaomba kiti. Nimeshalitumia hilo la chooni mara nyingi. Mama ambaye hakuwa na la kusema kuhusu goti hufunguka ukimgusa hapo, kwa kuwa yeye ndiye anayemshika mkono mtoto asianguke.

Kisha amri zikafuata, na hizi tulizifanya hadi zikaingia. Tembea kwa ncha za vidole. Tembea kwa visigino. Nyoosha mikono mbele, geuza viganja, kunja ngumi. Gusa kila ncha ya kidole kwa dole gumba. Kutanisha viganja, sasa kutanisha migongo ya mikono. Shika mbingu. Tazama dari. Mikono nyuma ya shingo. Laza sikio begani. Fungua mdomo uingize vidole vitatu, vyako wewe, si vya daktari. Hili la mwisho wengi hatukuwahi kufundishwa, na taya ni kiungo kinachoweza kuliwa na ugonjwa kimyakimya hadi kidevu kikabaki kidogo. Jamaa mmoja wa Mwananyamala, mwili wa mnyanyua vyuma, ilibainika shingo yake haigeuki sawa. Aliambiwa akamwone mtu. Sijui kama alikwenda. (Vaeni suruali inayokunjika, jamani. Dada mmoja alikuja na sketi ya ofisini akaishia kuwa mwandishi wa kundi.)

Halafu wakaja watoto wenyewe, na hapa ndipo pesa yangu ilipoingia kazini. Walikuwa wametafutwa kwa ridhaa ya wazazi na wao wenyewe, walipewa nauli na chakula, na kila mmoja aliulizwa tena mbele yetu kama bado anataka. Kijana mmoja alisema hataki siku hiyo, akaachwa akale sambusa zake. Nimepita kwenye wodi nyingi ambamo mtoto hafunuliwi shuka kwa kuulizwa, kwa hiyo hilo pekee nalihesabu kuwa somo.

Wa kwetu alikuwa binti wa miaka tisa kutoka Tandika, na mama yake fundi cherehani. Binti akasema, "Shikamooni." Mstari mzima tukaitikia marahaba kama kwaya. Mwalimu akakaa pembeni, akamwachia mama uwanja. Mama huyu hakuelezea ugonjwa kwa mpangilio wa faili. Alianza na sketi. Alisema alimshonea bintiye sketi ya shule, akapima vizuri, akapinda vizuri, lakini akiivaa inapanda upande mmoja. Akaifumua. Akaipinda tena. Bado. Ndipo akamlaza mtoto kitandani akachukua futi yake ya kazini, akakuta mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia, na paja la kushoto limekonda.

Tulikuwa kimya. Mwalimu akaomba futi ileile, akatupa mmojammoja tupime. Kweli kabisa. Kiungo kinapovimba muda mrefu kwa mtoto anayekua, damu nyingi inayokwenda pale huweza kuharakisha ukuaji wa mfupa, mguu mbovu ukawa ndio mrefu, huku misuli ya paja ikisinyaa kwa sababu mtoto anaukwepa. Niliwahi kuyasoma hayo mahali. Nitayakumbuka kwa sababu ya sketi.

Mama akaendelea. Kuna kituo walichopita wakapewa dawa ya malaria, kingine wakaambiwa mtoto ameanguka anaficha, kingine wakaambiwa anakua. "Asubuhi alikuwa anashuka kitandani kama bibi yake," akasema, "ikifika saa nne anacheza kombolela. Sasa nani angeniamini?" Mwalimu aliinuka, akaandika ubaoni SAA NNE kwa herufi kubwa, akarudi kukaa. Baadaye ndiyo akafafanua: mtoto mdogo hatakuambia amekakamaa asubuhi, hana neno hilo. Ataamka mzito, atachechemea, ataomba kubebwa, kisha atafunguka jua likipanda. Akifika kwako kliniki saa sita mchana unamwona mzima. Wale wa maumivu ya kukua ni kinyume: huumia jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi wanakimbia bila kuchechemea hata kidogo. Kwa hiyo swali la asubuhi ndilo linalotenganisha, na halihitaji maabara.

Kwenye maabara mwalimu alikuwa mkali, na nilifurahi. Arthritisi ya watoto, JIA kwa wanaoandika kwenye faili, ni kiungo kilichovimba kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa wiki 6 au zaidi, baada ya kuondoa sababu nyingine. Basi. Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha. Rheumatoid factor, kipimo cha arthritisi ya watu wazima, huwa hasi kwa wengi wao, kwa hiyo ikirudi hasi hujaondoa chochote. Na ASOT, kipimo cha damu kilicho kipenzi cha hospitali zetu, inakuambia mtoto alikutana na streptokoka, bakteria wa koo, karibuni, jambo ambalo nusu ya darasa lake pia wamekutana nalo, haikuambii kwamba ana homa ya baridi yabisi. Akatupa mfano: goti moja, miezi mitatu, ASOT juu, mtoto kachomwa penisilini kila mwezi. Akauliza goti la homa ya baridi yabisi hukaa miezi mitatu? Halikai. Lile huuma vibaya sana, huhama kutoka kiungo hadi kiungo, hutulia upesi kwa dawa kama aspirini, na hata bila dawa huisha ndani ya wiki chache. Linaloharibika ni moyo.

Hapo hakudharau vigezo vya Jones. Alisisitiza vile vya 2015, ambavyo kwa nchi kama yetu vinahesabu hata kiungo kimoja kuwa kigezo kikubwa, na vinataka moyo upimwe kwa ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) hata kama stethoskopu haisikii kitu. Wanaofika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wakiwa na vali zilizokwisha, wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba yale mafindofindo ya utotoni yalikuwa na deni.

Baada ya chakula (pilau nzuri, kachumbari chache, kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji juu ya meza ya matunda) tulizungushwa meza nne. Kila meza kuna goti au nyonga inayojifanya arthritisi. Meza ya selimundu niliidhani nyepesi, kumbe ndiyo yenye mtego wa hapa kwetu: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo tukishaona kadi ya kliniki ya selimundu tunaacha kufikiri. Mtoto wa selimundu anaweza kuwa na usaha kwenye mfupa. Anaweza kuwa na nyonga iliyokufa kwa kukosa damu. Anaweza hata kuwa na JIA, hajakatazwa. Meza ya pili ilikuwa usaha kwenye kiungo: homa, mtoto hataki kabisa kuguswa nyonga, na hapo usisubiri wiki 6 wala siku moja, unaita watu wa upasuaji. Ya tatu TB, ya polepole, goti moja au mgongo unaoota kibyongo.

Ya nne ndiyo iliyonikaa. Karatasi ya majibu ya damu, jina limefichwa. Mtoto anaumwa miguu hadi anaamka usiku akilia, ukimshika maungio hukuti uvimbe wa kulingana na kilio hicho, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini. Tukaulizwa kuna ajabu gani. Ajabu ni kwamba uvimbe wa kawaida wa maungio hupandisha chembe sahani, hauzishushi. Huyo ana saratani ya damu hadi ithibitike vinginevyo, na kosa kubwa utakalomfanyia ni kumwanzishia prednisoloni, dawa ya steroidi, kabla uboho wake haujapimwa, kwa sababu utapata nafuu ya wiki mbili na utakuwa umefunika ushahidi.

Jioni tukamaliza kwa kuandika dawa. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa mtoto mwenye JIA. Mwalimu alikusanya karatasi zetu akazisoma kwa sauti bila majina. Alichotaka ni kitu kimoja: mara moja kwa WIKI, neno wiki limeandikwa kwa kirefu, na siku imetajwa, mathalani kila Ijumaa, pamoja na foliki asidi. Kwa sababu mfamasia aliyechoka na mama aliyezoea kutwa mara moja wanaweza kuigeuza ya kila siku, na ya kila siku inaua. Nimeshaanza kuandika hivyo hata dawa nyingine.

Sasa Jumapili.

Jumapili ilikuwa slaidi. Slaidi za kuazima, nadhani, maana lugha yake haikuwa ya yule aliyezisoma, na alizisoma kweli, neno kwa neno, ametugeuzia mgongo. Tulipata historia: George Frederic Still aliyewaeleza watoto hawa wa arthritisi London mwaka 1897, Tomisaku Kawasaki aliyechapisha wagonjwa wake 50 wa ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, Japani mwaka 1967. Sina ugomvi na historia. Ila kwa Kawasaki tulihitaji kuambiwa tutaitambuaje wodini, kati ya surua na homa nyingine za upele, kwa mtoto mwenye homa ya siku 5 na macho mekundu yasiyo na tongotongo, na kwa nini siku zinahesabiwa, kwamba mishipa ya moyo inaweza kuvimba na kutanuka huku tukibadilisha antibayotiki. Hiyo ilipewa dakika chache mwishoni, mikono ikiwa tayari kwenye mikoba.

Lililoniudhi zaidi ni picha. Lupasi, dermatomayositisi (ya misuli na ngozi), vaskulaitisi ya IgA (ya mishipa ya damu), magonjwa ya kinga ya mwili yanayoonekana kwenye ngozi, zote zimeonyeshwa kwenye ngozi nyeupe. Upele mwekundu, kope za zambarau, mashavu ya pinki. Nani anamwona huyo Temeke? Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha, unaona weusi uliozidi, au rangi ya udongo, au juu ya vifundo vya vidole unaona mabaka yaliyopauka ambayo mama ameyapaka mafuta ya nazi tangu Krismasi. Mtu mmoja aliuliza kama kuna picha za watoto wa hapa. Akajibiwa zinaandaliwa. Basi ziandaliwe kabla ya kozi ijayo, maana mtoto wa dermatomayositisi asiyeweza kuinuka sakafuni bila kujikwea mapaja kwa mikono tungemtambua kwa misuli, lakini wa lupasi tunaweza kumpita kwa sababu tunatafuta upele mwekundu wa umbo la kipepeo mashavuni.

Kilichoiokoa siku kilikuwa saa ya mwisho, na kwa bahati mbaya nusu ya watu walikuwa wameshaondoka kuwahi zamu. Daktari wa macho alikuja akazungumza kuhusu uveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho. Mtoto wa JIA ya maungio machache, hasa binti mdogo ambaye kipimo chake cha damu cha ANA ni chanya, anaweza kupofuka bila jicho kuuma wala kuwa jekundu. Tochi yako haioni kitu. Mama haoni kitu. Inaonekana kwenye ile mashine ya kuweka kidevu tu, kwa hiyo kila mtoto wa namna hiyo anakwenda kliniki ya macho mapema, halafu walio kwenye hatari kubwa wanarudi kila miezi 3 hata kama goti limepona. Saa hiyo ihamishiwe Jumamosi asubuhi, chai isubiri.

Kijitabu kimetolewa kwa fotokopi nyeusi na nyeupe, picha hazionekani, jedwali la dozi linasomeka. Nyuma wameweka anwani ya tovuti ya PMM (Paediatric Musculoskeletal Matters), ile ya watu wa Newcastle, ambayo ni ya bure na ina video za pGALS hatua kwa hatua. Video zinakula bando, zipakueni mkiwa penye Wi-Fi. Kisichokuwemo ni ukurasa niliouhitaji kuliko yote: nikishamtambua mtoto huyu, nampeleka wapi, siku gani ya kliniki, abebe nini, na dawa hii inapatikana duka gani ikikosekana dirishani. Walitueleza kwa mdomo tulipouliza. Kila mtu akaandika pembeni kivyake, na wa jirani yangu aliandika siku tofauti na yangu. Cheti kilikuja baada ya kukumbushana sana.

Je, inasaidia ukirudi kazini? Wiki chache baadaye tulilaza mtoto wa kike wa miaka minne mwenye goti moja lililovimba, amekuja na barua ya homa ya baridi yabisi na ASOT imezungushiwa duara. Nilimwuliza bibi yake kuhusu asubuhi, kuhusu choo, tangu lini. Tangu kabla ya mfungo. Ekokadiografia ikarudi safi. Nikamwomba bosi wangu wa wodi tumpeleke macho, akanitazama, akasaini. Kule walikuta uvimbe umeshaanza ndani ya jicho la kulia, na bibi akaapa mtoto hajawahi kulalamika jicho.

Kuna na kundi la WhatsApp la waliosoma, ambalo halikuwa kwenye tangazo na ndilo linaloendelea kunilipa. Unauliza kisa bila jina, hospitali wala sura, mmoja wa walimu hujibu jioni, mara nyingi kwa swali badala ya jibu, mara nyingi swali lenyewe ni "asubuhi yukoje?" Salamu za Ijumaa, maua na video za mahubiri haziruhusiwi. Ukituma picha ya mtoto uso ukiwa wazi unaondolewa hapohapo, na wameshaondolewa wawili, mmoja wao bingwa.